Saa 1,800 za mwalimu wa Ndera

Tuseme ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari huku Ndera, pembezoni mwa Kigali upande wa mashariki. Ana A0, kama walimu wa Rwanda wanavyoendelea kuiita shahada ya kwanza. Amemaliza kusahihisha madaftari, sasa yuko na simu yake akilinganisha masharti ya shahada ya uzamili ya Kiingereza. Chuo cha nyumbani kinadai krediti 180. Cha Ulaya 120. Cha Marekani 30 tu. Anaguna: kumbe Wamarekani wana huruma!

Hawana. Krediti hupima jasho la mwanafunzi, na kila mahali wana kibaba chao. Rwanda na Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi yote: kukaa darasani, kusoma riwaya, kuandika insha na kuifuta. Kwa hiyo 180 ni saa 1,800. Marekani krediti moja ni saa moja ya darasa na mbili za kujisomea kila wiki, kwa takriban wiki 15, yaani saa 45. Krediti 30 zinafika saa 1,350, na idara nyingi hudai 36. Ulaya moja ni saa 25 hadi 30, hivyo 120 ni kazi ya miaka miwili kamili. Sasa mwalimu wetu akibana saa 15 kwa wiki baada ya vipindi vyake, saa 1,800 zitamla wiki 120, bila kuugua wala kufiwa. Hesabu hiyo aifanye kabla ya kuuliza ada.

Halafu kuna neno lenyewe, Kiingereza. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipendekeza Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu huko Nairobi ivunjwe, fasihi ya Afrika ikae katikati na ya Uingereza isogee pembeni. Ikazaliwa Idara ya Fasihi. Dar es Salaam nako fasihi na isimu ziko katika idara tofauti. Kwa hiyo anayetafuta "uzamili wa Kiingereza" Afrika Mashariki mara nyingi hulazimika kuchagua: fasihi, isimu, au ufundishaji wa lugha. Hapo ndipo transkripti yake ya shahada ya kwanza inapochambuliwa. Aliyesomea ualimu na kuchukua kozi mbili tatu za fasihi anaweza kuambiwa asome kwanza kozi za kujazia, hata kama ana daraja la pili la juu.

Kozi watu humaliza. Kinachowakwamisha ni tasnifu. Nimewaona wenye alama nzuri za semina wakibaki na sura mbili kwa miaka, kwa sababu walichagua mada kwanza, msimamizi akatafutwa baadaye. Vyuo vingine vya Marekani huruhusu kukwepa tasnifu: badala yake unapewa orodha ndefu ya vitabu na mtihani mmoja wa jumla. Ni njia halali, lakini mwenye ndoto ya uzamivu asiikimbilie. Huko mbele ataulizwa amewahi kutafiti nini.

Limebaki sharti la lugha, na mimi hulicheka kidogo. Rwanda iliamua kuhamishia masomo kwenye Kiingereza mwaka 2008, na aliyesoma shahada kwa lugha hiyo aombe barua ya chuo chake inayothibitisha hivyo kabla ya kulipia mtihani wa Kiingereza wa IELTS, maana vyuo kadhaa huikubali, na matokeo ya mtihani ule hudumu miaka miwili tu. Upande wa pili, idara kadhaa za Marekani humtaka mwanafunzi wa Kiingereza athibitishe kwamba anaweza kusoma lugha nyingine moja. Mara nyingi hupewa ukurasa autafsiri akiwa na kamusi. Mwalimu wa Ndera anaamka na Kinyarwanda, ana Kifaransa cha shule, na sokoni Kiswahili kinamtosha. Ila idara nyingine hukubali tu lugha inayohusiana na utafiti. Basi aandike barua pepe mapema, aulize kama Kiswahili kinahesabiwa, na jibu alihifadhi.