Fimbo Nyeupe Barabarani: Wajibu ni wa Dereva

Oktoba barabara za Mtwara huwa na pilikapilika. Msimu wa korosho umeanza, malori yanaelekea bandarini, na bajaji na bodaboda zinapenya katikati yake. Tarehe 15 ya mwezi huohuo ni Siku ya Kimataifa ya Fimbo Nyeupe.

Fimbo hiyo ina kazi mbili: humwezesha asiyeona kupapasa njia, na humtambulisha kwa dereva. Mwaka 1921 James Biggs wa Bristol, Uingereza, aliyepofuka kwa ajali, aliipaka yake rangi nyeupe ili madereva wamwone. Mwaka 1930 mji wa Peoria, Marekani, ukaipa ulinzi wa kisheria.

Kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva ampishe mwenda kwa miguu kwenye kivuko chenye alama, na mwendo kwenye makazi usizidi kilomita 50 kwa saa. Nayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa asiyeona haki ya kuyafikia mazingira na huduma sawa na wengine.

Asiyeona huvuka kwa masikio. Lori likisimama kwenye pundamilia, muungurumo wake hufunika mlio wa bodaboda inayolipita pembeni. Hapo ndipo roho hupotea: aliyesimama ametii sheria, aliyempita hakumwona mtu. Ukikuta gari limesimama kwenye kivuko, nawe simama.

Usipige honi. Honi haimwambii kama avuke au arudi nyuma. Humshtua na kumpotezea mwelekeo. Usimwambie "pita!" pia, kwani huna mamlaka juu ya anayekuja upande wa pili. Simama kabla ya mistari na usubiri afike ng'ambo.

Msamaria mwema naye asimkamate mkono na kumburuta. Msalimie, muulize kama anahitaji msaada, kisha mpe kiwiko akishike, wewe utangulie nusu hatua.

Njia ya miguu ikijaa pikipiki na meza za biashara, asiyeona husukumwa barabarani. Halmashauri isafishe njia hizo na kupaka upya mistari iliyofutika, trafiki wawachukulie hatua wanaopita magari kwenye vivuko. Na wewe dereva, ukiiona fimbo nyeupe, kanyaga breki.