Mtoto anaposinzia mbele ya sahani, huenda si usingizi

Mtoto yuko macho, anakula. Ghafla kichwa kinashuka, kinainuka, kinashuka tena. Ni rahisi mzazi kudhani ni usingizi. Lakini Mahenge, mkoani Morogoro, hali hiyo ina jina: kusinzia kichwa, aina ya kifafa inayowapata watoto.

Daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway aliikuta huko alipofika miaka zaidi ya 60 iliyopita. Wagonjwa walitengwa, kwa kuwa watu waliamini mate yao yanaambukiza. Mwaka 1960 alianzisha kliniki ya kifafa na kuwapa dawa ya fenobabitoni. Wengi walipungua kuanguka. Hata alipohamia Kanada, akiwa daktari wa magonjwa ya akili, aliendelea kuutafiti ugonjwa huo kwa miongo kadhaa.

Kwa nini Mahenge? Watafiti waliomfuata wanauhusisha na usubi, ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na nzi weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Jinsi minyoo hiyo inavyofikia kuathiri ubongo bado inachunguzwa.

Mzazi, kumbuka: kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kugusana. Kikimshika mtoto, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Mpeleke kituo cha afya, na asiache dawa ghafla hata akionekana amepona. Dawa za usubi zikigawiwa kijijini, familia isikose.