Gitaa la baba, na ziara zilizokatikia njiani

MEI 1974, mjini Boston, Marekani, Brian May alishindwa kuendelea na safari. Mpiga gitaa huyo wa bendi ya Uingereza, Queen, alikuwa ameshikwa na homa ya ini. Siku chache kabla alikuwa jukwaani New York, katika ukumbi wa Uris pale Broadway, ambako Queen walipiga kwa juma zima wakitangulia bendi kubwa zaidi, Mott the Hoople. Ilikuwa ziara yao ya kwanza Marekani, ndiyo iliyotarajiwa kuwafungulia mlango. Badala yake tarehe zilizobaki zikafutwa, na mgonjwa akarudishwa nyumbani.

Mwaka huo ulikuwa umeanza vibaya. Kabla ya kwenda Australia, May alichomwa sindano ya chanjo, mkono ukapata maambukizi na kuelekea kwenye donda ndugu. Kidogo aupoteze. Walipofika huko kwenye tamasha la Sunbury, karibu na Melbourne, mkono bado ulimsumbua, mwimbaji wao naye alikuwa na maumivu ya sikio, na watazamaji hawakuwataka. Wakarudi London mikono mitupu.

Mwimbaji huyo ni mtu wa kwetu kwa kuzaliwa. Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Baba yake, Bomi, alikuwa keshia mahakamani katika serikali ya kikoloni. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ilihamia Uingereza, ikaangukia Feltham, kitongoji kilekile alikokulia Brian May. Vijana hao waliishi jirani bila kujuana, wakaja kukutana baadaye wakiwa wanafunzi.

Kwa akina May, muziki ulianzia nyumbani. Mwaka 1963 Brian alitaka gitaa la umeme, na fedha hazikuwepo. Yeye na baba yake, Harold, fundi aliyezoea michoro na vifaa vya umeme, wakaamua kulitengeneza wenyewe. Shingo ilichongwa kwa ubao wa meko kuukuu. Springi zilitoka kwenye injini ya pikipiki, ncha ya sindano ya kufumia ya mama ikafungwa kwenye mkono wa chuma, na vifungo vyake vya lulu vikawa alama za kuonyesha vidole pa kukaa. Kazi hiyo ya jioni baada ya jioni iliwachukua karibu miaka miwili. Gitaa hilo ndilo lililosikika Broadway, na May analipiga hadi leo.

Lakini baba aliyemsaidia mwana kutengeneza gitaa hakutaka liwe ndiyo kazi yake. Brian alikuwa akisomea shahada ya uzamivu ya elimu ya nyota katika chuo cha Imperial, London, na mwaka huohuo wa 1974 akaiacha. Mzee alihuzunika, na uhusiano wao ukapoa. Ni rahisi kumlaumu, ila tazama alichokiona: mtoto aliyesomeshwa kwa jasho anatupa shahada, kisha anarudi kutoka ng'ambo akiwa mgonjwa na bila fedha.

Majira ya joto hali ikawa mbaya zaidi. Wenzake walipoanza kurekodi albamu ya Sheer Heart Attack, May alilazwa tena, safari hii kwa vidonda vya tumbo. Baadaye alisema kwamba pale kitandani hofu yake kubwa ilikuwa kwamba watatafuta mtu mwingine. Hawakumtafuta. Freddie, Roger Taylor na John Deacon walirekodi sehemu zao na kuacha nafasi tupu mahali pa gitaa, ili azijaze akipona. Alipona, akazijaze kweli, na wimbo wa Killer Queen kutoka albamu hiyo ukapanda hadi nafasi ya pili Uingereza.

Februari 1975 wakarudi Marekani, sasa wakiwa bendi kuu. Zamu hii aliyeanguka ni Freddie. Sauti ilimkatika, daktari mmoja akahofia vinundu kooni na kumtaka anyamaze kwa muda mrefu. Yeye akapanda jukwaani Washington siku iliyofuata. Daktari mwingine hakuona vinundu, ila koo lililochoshwa mno. Hata hivyo maonyesho kadhaa yalifutwa. Ushujaa wa namna hiyo husifiwa sana, lakini ungeweza kumgharimu sauti yake moja kwa moja.

Nyumbani nako mifuko ilikuwa mitupu. Nyimbo zilikuwa zikiuzwa huku wanamuziki wakilipwa mshahara mdogo wa wiki na waliokuwa wakiwasimamia. Deacon, aliyekuwa ameoa tu, hakuweza kupata malipo ya awali ya nyumba. Kwa hiyo Aprili, ndege yao ilipotua Tokyo na kukuta maelfu ya vijana wakiwasubiri uwanjani, walidhani wanapokelewa watu wengine. Wakajaza ukumbi wa Budokan, kisha wakarudi London kwenye vyumba vya kupanga. Ziara nyingine ya Marekani iliyopangwa mwaka huo ilifutwa wakati wakijitoa kwa wasimamizi hao. Mwishoni mwa Oktoba wakatoa Bohemian Rhapsody, ikakaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa.

Shahada ile May aliimaliza mwaka 2007, akiwa na miaka 60.

Na Harold? Queen walipofika hatua ya kujaza Madison Square Garden, New York, Brian aliwakatia wazazi wake tiketi za Concorde, ndege ambayo baba aliifanyia kazi lakini hakuwahi kuipanda. Wakaketi ukumbini kati ya maelfu ya watu, wakisikiliza gitaa lililotengenezwa nyumbani kwao Feltham. Onyesho lilipokwisha, mzee alimfuata mwanawe, akampa mkono, akamwambia kwamba sasa ameelewa.