Bibi Asema Kituruki, Mjukuu Asema Kiarmenia

Ada ya uhamiaji, takriban popote ulimwenguni, ni kwamba bibi ndiye mwenye lugha ya asili, mama huielewa lakini hujibu kwa lugha ya wenyeji, na mjukuu huijua kwa majina ya vyakula tu; walakini katika kambi za wakimbizi wa Kiarmenia zilizozuka Beirut katika miaka ya 1920, baina ya vibanda vya mbao na mabati vilivyosimamishwa kwenye matope, ada hiyo ilipinduka juu chini. Bibi aliyefika kutoka Adana au Marash aghalabu alisema Kituruki, kwani hicho ndicho kilichokuwa kimetawala vinywa vya Waarmenia wengi wa Kilikia kwa vizazi kadha wa kadha, naye alisali, akagombana na jirani na akambembeleza mtoto kwa lugha ile ile ya dola iliyomfukuza. Na mjukuu wake, yatima wa baba na pengine wa mama pia, ndiye aliyerudi jioni kutoka skuli na Kiarmenia kinywani.

Naanza na kisa hiki kwa sababu wengi wanaoandika habari za Waarmenia wa ughaibuni hupenda kuwaeleza kama watu waliobeba hazina kutoka kwao wakailinda isiibiwe, na maelezo hayo, ingawa yanapendeza, yanaacha nje jambo lililo kubwa kuliko yote: kwamba sehemu nyingi za hazina hiyo zilitengenezwa huko huko ugenini, kwa jasho la walimu, makasisi na wapiga chapa, na kwamba kila kizazi kilichofuata kililazimika ama kuitengeneza tena au kukubali kuwa watu wengine.

Mukhtasari wa tarikhi yao si mgeni kwa wasomaji wengi. Taifa hili la nyanda za juu baina ya Anatolia, Uajemi na milima ya Kaukazi lilipokea Ukristo, kwa mapokeo yao wenyewe, mwaka 301. Mwaka 405 mtawa Mesrop Mashtots aliwaundia herufi 36, na tangu hapo kanisa na herufi vilikaa mahali pa mfalme kila alipokosekana mfalme, jambo lililotokea mara nyingi. Tarehe 24 Aprili 1915 serikali ya Waosmani ilianza kuwakamata waandishi na viongozi wao mjini Constantinople, na katika miezi iliyofuata halaiki ya watu ilisukumwa kwa miguu kuelekea jangwa la Deir ez-Zor. Waliokufa, kwa hesabu zinazotajwa sana, ni baina ya milioni moja na milioni moja na nusu. Waliosalia, wengi wao wanawake na watoto, walitawanyika Syria, Lebanon, Misri, Ugiriki, Ufaransa na Marekani. Na mayatima arobaini walichukuliwa kutoka Jerusalem mwaka 1924 na Ras Tafari wa Uhabeshi, wakawa bendi ya matarumbeta ya serikali, na kiongozi wao wa muziki, Kevork Nalbandian, ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa uliopigwa Addis Ababa mpaka ufalme ulipoanguka.

Lebanon ndiko walikopata nafasi ya kupumua. Wafaransa waliotawala huko waliwapa uraia mwaka 1924, na desturi ya nchi ile, ambamo kila madhehebu yana sheria yake ya ndoa na mirathi, skuli zake na viti vyake katika baraza la kutunga sheria, haikumtaka mtu abadilike kwanza ndipo awe raia. Upande wa mashariki wa mto wa Beirut walikausha kinamasi wakajenga Bourj Hammoud, na mitaa wakaipa majina ya miji waliyopokonywa, Nor Marash, Nor Adana, Nor Sis, yaani Marash mpya, Adana mpya, Sis mpya. Na watu wa kila mji walichangishana wakajenga kanisa, na ubavuni mwa kanisa skuli. Mwaka 1930 kiti cha Katolikosi wa Kilikia, yaani mkuu wa kanisa lao, ambacho kwa karne nyingi kilikuwa Sis, kikatulia Antelias, kaskazini ya Beirut, mahali palipokuwa pakilelewa mayatima.

Mwalimu wa zama hizo hakuwa mpole. Alikipiga vita Kituruki darasani na uwanjani, na Kiarmenia alichofundisha hakikuwa hata kile cha kijijini, bali kile cha fasihi kilichosanifiwa Constantinople, hivi kwamba mtoto aliyetoka mlimani na lahaja ya wazee wake alijikuta naye, sawa na mwenye Kituruki, akianza alifu kwa kijiti. Lahaja nyingi zilikufa hivyo, mikononi mwa watu waliodhani wanahifadhi, na sina hakika kama tuna haki ya kuwalaumu: walikuwa na watoto wasio na wazazi, vitabu vichache na hofu kubwa, na katika muda wa kizazi kimoja walifanya kazi ambayo serikali zenye hazina na majeshi zimeshindwa kuifanya, yaani kuirudisha lugha katika nyumba ambamo ilikuwa imekwisha toka.

Mfano wa karibu zaidi wa watu kujitengeneza upya ugenini ni Anjar, katika bonde la Bekaa. Wenyeji wake ni dhuria ya watu wa Musa Dagh, ambao mwaka 1915 walikataa amri ya kuhama, wakapanda mlimani na bunduki zao, wakastahimili mpaka manowari za Wafaransa zikawachukua kuwapeleka Port Said. Baada ya vita walirudi kwao, na mwaka 1939, mkoa ule ulipokabidhiwa Uturuki, wakahama tena, isipokuwa wa kijiji kimoja, Vakıf, ambako baadhi ya jamaa walichagua kubaki na wapo hata leo. Anjar iligawanywa mitaa sita, kila mmoja kwa jina la kijiji kimoja cha mlimani. Kila mwezi wa Septemba, katika sikukuu ya Msalaba, hutiwa ngano na nyama katika masufuria makubwa juu ya kuni, na wanaume hukesha wakikoroga na kuponda kwa miti mirefu huku ngoma na zumari zikipigwa, mpaka alfajiri nafaka na nyama zisijulikane ipi ni ipi. Kasisi hubariki, kisha watu hugawiwa. Wanaiita harisa, na mtu wa Unguja au Mombasa akipewa bakuli lake hatauliza ni kitu gani, kwa sababu ni bokoboko, lililofika kwetu kwa njia ya Waarabu kama lilivyofika kwao kwa njia zao. Chakula, basi, si chao peke yao. Lililo lao ni sababu ya kukesha.

Kwamba ukarimu wa wenyeji hautoshi kuwaweka watu kama walivyo, hilo lilikwisha dhihirika zamani huko Lviv, mji uliokuwa chini ya ufalme wa Polandi. Waarmenia wafanyabiashara walikuwa na kanisa lao kuu tangu karne ya 14, na mahakama yao wenyewe, ambayo sheria zake mfalme Sigismund wa Kwanza alizithibitisha mwaka 1519. Na ajabu ni kwamba hawakuwa wakisema Kiarmenia majumbani mwao, bali Kikipchaki, lugha ya jamii ya Kituruki, ambayo waliiandika kwa herufi za Mashtots wakaacha kumbukumbu nyingi za mahakama kwa maandishi hayo. Hawakuwa na lugha, na bado walikuwa Waarmenia bila shaka yoyote, maadamu kanisa na kadhi vilikuwa vyao. Mwaka 1630 askofu wao akaungana na Roma. Tofauti ya ibada ikapungua mwaka hadi mwaka, ndoa zikafunguka, na vizazi kadhaa baadaye walikuwa Wapolandi wenye majina ya ajabu. Hakuna aliyewalazimisha kwa upanga. Kadhalika Bara Hindi: gazeti la kwanza la Kiarmenia duniani, Azdarar, lilichapwa Madras mwaka 1794, nalo kanisa lao la mji huo leo linatazamwa na watalii kuliko linavyosaliwa.

Ufaransa iliwanywa kwa kasi zaidi, kwa sababu skuli yake ya serikali inamtaka kila mtoto na inampa kila kitu kwa masharti ya lugha moja. Mwaka 1929, miaka kumi na minne tu baada ya maangamizi, Shahan Shahnour alitoa Paris riwaya iliyowaghadhibisha wakubwa wa jumuiya, ambamo kijana mpiga picha Bedros amekuwa Pierre na taifa zima linaonekana likirudi nyuma bila hata kuimba. Na mwandishi mwenyewe baadaye aliacha kutunga kwa Kiarmenia akawa mshairi wa Kifaransa kwa jina la Armen Lubin, jambo linaloithibitisha riwaya kuliko tahakiki yoyote. Gazeti la Haratch, lililoanzishwa na Schavarch Missakian mwaka 1925, liliendelea kwa Kiarmenia mjini humo, baada yake likiongozwa na binti yake Arpik, hadi 2009.

Wazee wa jumuiya hizi wana neno lao kwa hali hiyo ya kumezwa na wenyeji: mauaji meupe. Sipendi neno hilo. Binti wa Marseille aliyeolewa na Mfaransa hakumwua mtu, na kumweka sawa na askari wa 1915 ni dhuluma kwa binti na ni dharau kwa waliokufa. Fauka ya hayo, kijana anayeambiwa kwamba kazi yake duniani ni kufidia idadi ya wafu kwa kuzaa na kunena atatafuta mlango wa kutokea, na mlango uko wazi. Naelewa hofu iliyozaa neno hilo. Lakini naona limewafukuza wengi kuliko liliowazuia.

Mwanasosholojia Anny Bakalian, aliyewachunguza Waarmenia wa Marekani katika kitabu chake cha 1993, alieleza safari yao kuwa ni kutoka kuwa Mwarmenia hadi kujihisi Mwarmenia: lugha inaondoka, kanisani wanakwenda kwa harusi na maziko, na badala yake hubaki fahari, jina la mwisho, chakula na maandamano ya tarehe 24 Aprili. William Saroyan, mzaliwa wa Fresno wa mwaka 1908, aliandika kwa Kiingereza maisha yake yote na hakuna aliyethubutu kusema si wao. Sehemu ya majivu yake imezikwa Yerevan. Hisia hizo si bandia, na huenda zikadumu muda mrefu kuliko wanavyokisia wenye hofu. Ila haziandiki kitabu kipya kwa Kiarmenia, wala hazimfundishi mtoto kumtania dada yake kwa lugha hiyo.

Na lugha ninayoizungumzia hapa ni Kiarmenia cha Magharibi, kilichokosa nchi. Jamhuri ya Armenia, huru tangu 21 Septemba 1991, hutumia Kiarmenia cha Mashariki na imla iliyobadilishwa na Wasovieti katika miaka ya 1920, ambayo ughaibuni wa Magharibi uliikataa. Ndiyo maana kuwa na dola, ambako kwa mbali kungeonekana kuwa dawa, hakukuiponya lugha ya Beirut. Mwaka 2010 UNESCO iliorodhesha Kiarmenia cha Magharibi miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Mayatima waliojengewa skuli ya Taasisi ya Melkonian huko Nicosia mwaka 1926 walipanda miti uwanjani kwa ajili ya wenzao waliokufa. Taasisi ilifungwa 2005. Vita vya Lebanon vya 1975 hadi 1990 viliwatoa maelfu, vita vya Syria vikaitikisa Aleppo iliyokuwa kisima cha walimu, na mlipuko wa bandari ya Beirut tarehe 4 Agosti 2020 ukavunja madirisha ya Bourj Hammoud.

Siku hizi wakfu wa Gulbenkian, ulio Lisbon, hugharimia vitabu na mafunzo ya Kiarmenia cha Magharibi, na katika baadhi ya mafunzo hayo watoto hufundishwa kwa michezo na hadithi, mbali kabisa na ukali wa mwalimu wa miaka ya 1920. Ni jambo jema, na limechelewa. Lakini vitabu havijifundishi vyenyewe. Lira ya Lebanon imepoteza zaidi ya sehemu tisa katika kumi za thamani yake tangu 2019, na mwalimu anayelipwa kwa sarafu hiyo ana ndugu Montreal au Los Angeles anayemwandikia kila mara kumwuliza anangoja nini. Jumuiya ziko tayari kutoa pesa kwa mnara wa kumbukumbu, na kila mwenye kutoa huandikwa jina lake juu ya jiwe. Kwa mshahara wa mwalimu wa darasa la pili hakuna jiwe.