Mwacheni mtoto ahesabu kwa vidole

Wazazi wenye watoto wa chekechea na Darasa la Kwanza wana swali moja ambalo halikauki: mwanangu bado anahesabu kwa vidole, nimkataze? Msimkataze. Mwaka 2024 Catherine Thevenot wa Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi, na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wao kwa watoto 328 wa miaka mitano na sita katika shule za awali nchini Ufaransa. Waliokuwa hawatumii vidole walifundishwa kuvitumia kwa wiki mbili. Walianza wakipata asilimia 37 ya maswali ya kujumlisha, wakamaliza wakipata asilimia 77, na wenzao waliopewa shughuli nyingine kwa muda huohuo walipanda kidogo tu. Wanaowachapa watoto vidoleni kwa kosa la kuhesabu wameumbuka. Lakini kwangu mimi uzito wa habari hii uko kwingine: mtoto wa miaka mitano anayedhaniwa hana kichwa cha hesabu huenda amekosa njia tu, na njia hiyo inafundishika kwa wiki chache. Ndiyo maana ushauri wa “mwache, akikua ataelewa” ni ushauri mbaya.

Kinachotupoteza watu wazima ni kuchanganya kutaja namba na kujua namba. Mtoto wa miaka mitatu anatiririka moja hadi kumi mbele ya wageni, sebule nzima inapiga makofi. Hebu mwambie akupe visoda vitatu. Atakuchotea kiganja kizima. Karen Wynn, mwanasaikolojia wa Marekani, alilifuatilia jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1990, na alichokikuta kinanistaajabisha hadi leo. Mtoto huanza kwa kuelewa moja peke yake: ukimwomba kisoda kimoja anakupa kimoja, ukimwomba viwili au sita anakupa fungu lolote linalomjia mkononi. Inapita miezi kadhaa ndipo aielewe mbili. Inapita mingine ndipo aielewe tatu. Muda wote huo anaimba hadi kumi bila kukosea! Kisha, akishaielewa tatu au nne, hapandi tena ngazi moja moja. Anakuwa ameigundua kanuni yenyewe, kwamba neno la mwisho analolitaja anapohesabu ndilo idadi ya fungu zima. Ghafla namba zote anazoweza kuzitaja zinakuwa na maana. Hisia ya wingi tunazaliwa nayo. Wynn huyohuyo alionyesha mwaka 1992 kwamba vichanga wa miezi mitano hukodoa macho kwa muda mrefu zaidi wanasesere wawili wanapogeuka mmoja kwa mazingaombwe. Kuifunga hisia hiyo kwenye maneno ndiyo kazi, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Kwa Watsimane, wakulima na wawindaji wa Bolivia, watoto hupita hatua zilezile kwa mpangilio uleule, ila kwa kuchelewa sana. Kwa hiyo kasi ya safari hii inategemea sana anachokutana nacho mtoto nyumbani na shuleni.

Sasa mchukue aliyekwama umpeleke Darasa la Kwanza, umpe nane jumlisha tano. Ataanza moja, mbili, tatu, na akifika nane ameshasahau alikuwa anaongeza ngapi. Jirani yake anaishika nane akilini, anakunjua vidole vitano, tisa, kumi, kumi na moja, anafika. Sehemu ya akili inayoshikilia jambo kwa sekunde chache wakati tunalifanyia kazi ni finyu sana kwa mtoto, na kidole kinamsaidia kushika asichoweza kukishika kichwani. Akirudia mara nyingi, jibu linajikalia lenyewe kwenye kumbukumbu na vidole vinaachwa bila mtu kumkaripia. Yule wa kwanza hajapata jibu la kukumbuka, kwa hiyo darasa linapoingia kwenye kutoa kwa kukopa yeye bado yuko kwenye nane na tano. Mwaka 2007 Greg Duncan na wenzake walichambua takwimu za watoto kutoka tafiti sita za Marekani, Kanada na Uingereza, wakaona kwamba ujuzi wa hesabu anaoingia nao mtoto shuleni ulitabiri vizuri zaidi matokeo yake ya baadaye kuliko usomaji, utulivu au tabia zake. Wapinzani watasema kutabiri si kusababisha, na wana haki. Duncan mwenyewe alishiriki baadaye kwenye kazi iliyoonya kwamba sehemu kubwa ya uhusiano huo inatokana na mambo mengine yanayomzunguka mtoto yuleyule miaka yote. Hilo linapunguza ahadi za wauza miujiza. Halimwondoi mtoto aliyekwama kwenye nane na tano.

Pingamizi zito zaidi linatoka Delhi. Mwaka 2017 kundi la watafiti, wakiwamo Elizabeth Spelke na Esther Duflo, wakishirikiana na shirika la Pratham, walitoa matokeo ya michezo ya namba waliyowachezesha watoto 1,540 wa shule za awali. Hisia ya wingi iliongezeka na ikadumu zaidi ya mwaka. Hesabu za shule hazikusogea. Wengine wakaamua kwamba kusaidia mapema ni kupoteza muda, nami nasema wameisoma nusu. Michezo ile ilinoa kile ambacho mtoto tayari anacho na kuliacha daraja la kwenda kwenye maneno na tarakimu bila kujengwa. Mwaka 2025 Spelke na Duflo, pamoja na wenzao, walionyesha upande wa pili: watoto wanaouza sokoni Kolkata na Delhi wanakokotoa bei na chenji bila kusita, halafu wanashindwa hesabu za aina hiyohiyo zikiandikwa kishule. Yeyote aliyenunua karanga kwa mtoto Kariakoo hatashangaa. Linganisha na mchezo wa watafiti Robert Siegler na Geetha Ramani: ubao wenye namba 1 hadi 10 katika mstari ulionyooka, dakika kumi na tano mara nne, na watoto wa familia maskini Marekani walikuwa bado wana faida wiki tisa baadaye. Ubao wa duara haukusaidia. Na baadaye ikaonekana kwamba hata namna ya kusogeza kete ina uzito: aliyeko kwenye nyumba ya tano akipata mbili aseme “sita, saba”, akisema “moja, mbili” mchezo unamfundisha kidogo sana. Bao letu ni mchezo wa akili kali, lakini mashimo yake hayana namba, kwa hiyo kwa kazi hii nyoka na ngazi inalishinda.

Tuje kwa wababaishaji. Sharubati za kuongeza akili, mafuta ya samaki ya bei mbaya, semina za kuamsha “ubongo wa kulia”, mganga wa kufungua kichwa: hakuna hata kimoja kitakachomfundisha mtoto kwamba tano ni nne na kimoja. Tuisheni ya kumkaririsha mtoto wa miaka mitano jedwali la kuzidisha iko karibu sana na kundi hilo. Fimbo ni mbaya zaidi, kwa sababu hofu inaijaza ileile nafasi finyu inayohitajika kushikilia nane. Na uongo wa kwamba hesabu ni za wavulana ufe sasa. Takwimu za watoto zaidi ya milioni 2.5 wa Ufaransa, zilizotolewa mwaka 2025, zilionyesha wasichana na wavulana wakianza darasa la kwanza karibu sawa, na pengo likijitokeza baada ya miezi minne tu ya masomo. Hawakuzaliwa nalo. Wapo watoto, kati ya asilimia 3 na 7 kwa makadirio yanayotumika sana, wenye diskalkulia, shida ya kudumu ya kuelewa namba. Nao si wajinga, na ndio wanaohitaji kuanza mapema kuliko wote.

La kufanya ni fupi. Vihesabio, kidole, neno na tarakimu vitumike pamoja, dakika kumi kila siku. Macho na masikio yapimwe. Akifika miaka saba bado anaanza kuhesabu kutoka moja kila mara, ongea na mwalimu, na uulizie kituo cha upimaji wa watoto wenye mahitaji maalumu. Kenya vituo hivyo vinaitwa EARC.

Tanzania tunapima KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) Darasa la Pili, kisha tunapima tena Darasa la Nne. Wakati huo mtoto aliyekwama ameshaambiwa mara nyingi kuwa ni mzito, naye ameshaamini. Walimu wa awali na Darasa la Kwanza, msisubiri karatasi ya wizara: wiki ya kwanza ya muhula mwiteni kila mtoto mezani, mmwombe visoda vitano, na muandike jina la kila anayewachotea kiganja.