Mita 402 za Udongo: Hesabu ya Mbio Zinazoenea Kaisho

Robo maili ni mita 402. Ukizichora kuzunguka uwanja wa mpira, kona zake zikiwa na nusu kipenyo cha mita 36 na nusu, na njia ikiwa na upana wa mita 12, unahitaji kipande cha ardhi chenye urefu wa mita 184 na upana wa mita 97. Hizo ni kama ekari nne na nusu. Kata yetu ya Kaisho ina ardhi ya namna hiyo, na kata nyingine nyingi za wilaya za Kyerwa na Karagwe zinayo.

Nataja vipimo hivi kwa sababu ndivyo vilivyobeba mchezo ambao wazee wa Marekani wanaukumbuka kwa uchungu hadi leo: mbio za midgeti, vigari vya mtu mmoja vinavyokimbia kwenye njia fupi ya udongo. Mashindano ya kwanza yaliyopangwa rasmi yalifanyika Sacramento, California, tarehe 4 Juni 1933, ndani ya uwanja wa michezo wa chuo. Hakuna aliyejenga barabara wala kununua shamba. Njia ya wanariadha ilikuwepo, watu walikuwa na njaa ya burudani katikati ya mdororo wa uchumi, na mafundi walikuwa na vyuma chakavu. Mwaka uliofuata Los Angeles ikapata Gilmore Stadium, yenye nafasi ya watu 18,000. Majira ya baridi yalipoingia, mbio zilihamia ndani ya majengo. Katika Chicago ziliingia kwenye jengo la mafunzo ya kikosi cha mizinga, na katika Atlantic City ndani ya Boardwalk Hall, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1929.

Kilichoufanya mchezo huo upendwe si kasi. Hesabu yake ni ya ukaribu na marudio. Mtazamaji wa Safari Rally, mbio zetu za magari za masafa marefu Afrika Mashariki, aliyesimama kando ya barabara aliliona gari mara moja, sekunde chache, kisha vumbi. Kwenye robo maili, gari linalozunguka mara 40 hupita mbele ya mtazamaji yuleyule mara 40, ingawa safari yake nzima ni kilomita 16 tu. Na kwa kuwa mbio ni fupi, dereva hushindana usiku huu hapa na kesho mji wa jirani. Dereva wa midgeti Bill Schindler, aliyepoteza mguu kwenye ajali mwaka 1936, alishinda fainali 53 mwaka 1947, na mwaka 1948 akashinda nyingine 53. Bingwa wa Safari Rally angehitaji zaidi ya karne moja kufikisha idadi hiyo, maana mashindano yalifanyika mara moja kwa mwaka.

Sisi Afrika Mashariki tulichagua njia nyingine, tena kwa makusudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kenya ilikuwa na njia ya mbio ya Langalanga, upande wa Nakuru. Katika mazungumzo kati ya mpenzi wa mbio za magari Eric Cecil na binamu yake Neil Vincent likazuka wazo kwamba kuzunguka kona zilezile hakuna maana. Afadhali mtu atoke nyumbani kwake na gari lake, akate nusu ya Afrika na kurudi. Kuanzia 27 Mei hadi 1 Juni 1953 wazo hilo likawa Coronation Safari, mashindano yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika na ambayo baadaye yaliitwa Safari Rally.

Ukweli mmoja wa mwanzo huo husahaulika. Magari hayakugawanywa kwa ukubwa wa injini bali kwa bei ya dukani. La bei nafuu lilishindana na la bei nafuu. Lililofanya vizuri kuliko yote mwaka huo, likiendeshwa na Alan Dix, lilikuwa Volkswagen Beetle: injini ya cc 1,131 na nguvu za farasi 25. Mwaka 1956 Cecil mwenyewe alishinda na DKW, gari la injini ndogo ya viharusi viwili. Gari la mwalimu au la karani liliweza kuwa bingwa wa nchi tatu.

Baada ya hapo ukubwa ukachukua usukani. Katika miaka ya 1960 njia ilikuwa ya kilomita 5,000 hivi, sawa na mizunguko zaidi ya 12,000 ya robo maili. Mwaka 1963 walianza 84, wakamaliza 7. Mwaka 1968 walianza 93, na waliomaliza wakawa 7 tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404. Katikati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, Bert Shankland aliyeishi Tanzania alishinda mara mbili kwa Peugeot 404 vilevile. Hizo ni habari za kujivunia, na mimi najivunia. Lakini mwaka 1968 katika kila magari 13 yalipotea 12 njiani, na kila gari lililopotea lilikuwa fedha ya mtu.

Mwaka 1973 mashindano yakaingia kwenye ubingwa wa dunia, na viwanda vikaja na magari yao, mafundi wao na ndege zao za msaada. Katikati ya miaka hiyo ya 1970 njia ilikwisha kubaki Kenya peke yake. Uganda na Tanzania tukawa wasikilizaji. Mwaka 2002, mara ya mwisho kabla ya kuondolewa kwenye ubingwa wa dunia, sehemu za kushindania zilikuwa kilomita 1,010. Yaliporudi mwaka 2021 zilikuwa 320. Mbio zilizozaliwa kwa kuchukia mizunguko mifupi zimefupishwa na gharama. Ushahidi kwamba udogo bado una nguvu ulionekana mwaka 1993, Patrick Njiru alipoingia na Subaru Vivio, gari la cc 658, akashinda daraja lake na kumaliza wa 12 kwa jumla mbele ya magari yaliyomzidi injini mara tatu.

Midgeti nazo hazikuokoka na gharama, na hapa ndipo hesabu inapofundisha. Injini iliyotawala ilikuwa ya Offenhauser, iliyoanza mwaka 1934: silinda nne, lita 1.6, iliyotengenezwa kwa mbio tu. Aliyeshindwa bei yake alichukua injini ndogo ya Ford ya silinda nane, lita 2.2 na nguvu za farasi 60, iliyokuwa imewekwa kwenye magari ya kawaida. Offenhauser ilishinda mno hadi California ikatenga ratiba mbili, moja ya wenye nayo na nyingine ya wasio nayo. Kiwanda cha Kurtis-Kraft kilitengeneza magari kamili zaidi ya 550 pamoja na seti 600 za kujiungia mwenyewe. Mchezo wa vyuma chakavu ukawa wa kununua. Televisheni ilipofika watu walibaki nyumbani, na Gilmore Stadium ikabomolewa; eneo hilo likajengwa studio za televisheni za CBS mwaka 1952.

Leo mashindano makubwa ya ndani ni Chili Bowl ya Tulsa, Oklahoma, yaliyoanza Januari 1987. Hujaza udongo ndani ya jumba la maonyesho na kupokea magari zaidi ya 300. Midgeti ya sasa ina kilo zipatazo 408 na nguvu za farasi 300 hadi 400. Toyota Probox inayobeba abiria wetu ina nguvu zipatazo 105 kwa kilo zaidi ya 1,000. Kwa kila kilo, midgeti ina nguvu mara saba au zaidi. Injini mpya ya mstari wa mbele huzidi dola 50,000. Kwa miaka mingi zawadi ya mshindi wa Chili Bowl ilikuwa dola 10,000, yaani moja ya tano ya injini yake.

Sasa turudi Kaisho na kalamu. Njia yetu ya mita 12 ina eneo la mita za mraba 5,280. Tabaka la udongo la sentimita 15 ni mita za ujazo 792, sawa na tripu 80 za tipa la mita kumi. Tukiweka shilingi 100,000 kwa tripu, udongo ni milioni 8. Kumwagilia lita tatu kwa kila mita ya mraba ni lita 15,840, chini ya maboza mawili ya lita 10,000. Ukuta wa nje wa matairi chakavu, yaliyopangwa matatu kwenda juu, unataka matairi kama 2,400. Sehemu hii isipunguzwe hata tairi moja: njia ya baiskeli ya Nutley, New Jersey, yenye urefu wa mita 230 na kona zilizoinuka nyuzi 45, ilifungwa kwa midgeti mwaka 1939 baada ya vifo vya madereva.

Linganisha. Udongo wote ni milioni 8. Injini moja ya Tulsa, kwa shilingi 2,600 kwa dola, ni milioni 130. Bei hiyo inajaza njia 16. Kinachoua mbio ndogo si uwanja, ni injini.

Na injini tunayo. Huko Marekani kuna midgeti za robo tatu ya ukubwa, zinazokimbia ndani ya kumbi kwa injini za pikipiki. Bodaboda ya cc 150 hutoa nguvu za farasi kama 12. Fundi akichomelea kigari cha kilo 150, na dereva wa kilo 70 akapanda, nguvu kwa kila kilo ni karibu mara mbili ya Beetle iliyovuka nchi tatu mwaka 1953 ikiwa na watu wawili ndani. Gereji za Kaisho na Isingiro hufungua injini hizo kila siku. Kenya tayari ina autokrosi ya njia fupi yenye bagi na hata daraja la watoto. Hatuanzi kutoka gizani.

Kwenye njia nyingi ndogo za Marekani kuna kanuni moja ya kuazima: mshindani yeyote anaweza kuinunua injini ya mshindi kwa bei iliyotangazwa mapema. Mwenye injini ya milioni 20 hataileta mahali ambapo jirani anaweza kuichukua kwa milioni 2. Ni wazo la Coronation Safari ya 1953 kwa sura nyingine: bei ndiyo mpaka. Basi vijana wa Kyerwa na maofisa michezo wa halmashauri zote mbili, mkiamua kuandaa mbio hizi, andikeni kwanza kanuni ya bei ya injini na kanuni ya ukuta wa matairi. Tipa la kwanza la udongo lije baada ya hapo.