Ubishi Unalipa, Ila Usiuingize Chumbani

Shuka Konde, kaskazini kabisa mwa Pemba, usiku baada ya swala ya Isha. Tafuta baraza yenye birika la kahawa na vijana wanne watano. Hutakaa dakika 5 kabla mtu hajasimama, kidole juu, akimweleza mwenzake kwa nini kocha wa Simba hajui kupanga timu. Wa Yanga atacheka. Wa Arsenal ataingilia. Sauti zitapanda, kahawa itapoa, na hakuna atakayelipwa hata shilingi. Nyumbani, chakula kimefunikwa tangu saa 2.

Sasa msomaji wetu, vuta picha mtu ambaye hiyo ndiyo ajira yake. Anaamka asubuhi, anavaa suti, anakaa mezani mbele ya kamera na kubishana kuhusu michezo kwa saa 2, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mtu huyo yupo Marekani, anaitwa Stephen A. Smith. Mwaka 2025 vyombo vya habari vya kwao viliripoti kwamba ESPN imempa mkataba mpya wa miaka 5 wenye thamani ya dola milioni 100 hivi. Ndio, umesoma vizuri. Milioni 100 kwa kubisha!

Kabla hujaacha kazi ukahamia barazani, tulia kwanza. Safari yake ni ndefu kuliko mdomo wake.

Alianza na kalamu
Smith alizaliwa New York mwaka 1967 na kukulia mtaa wa Hollis, Queens. Utotoni kusoma kulimpa tabu kwa sababu ya disleksia, ile hali inayofanya kusoma kuwe kugumu, na shuleni akarudishwa darasa. Huyo ndiye aliyekuja kula kwa maneno.

Chuo Kikuu cha Winston-Salem State alikwenda kucheza mpira wa kikapu. Goti likamwangusha, akashika kalamu. Na hakuanza na mada nyepesi. Akiwa bado mchezaji, aliandika kwenye gazeti la chuo kwamba kocha wake, Clarence Gaines, apumzike kwa sababu ya afya yake. Gaines hakuwa mtu mdogo. Alistaafu mwaka 1993 akiwa na ushindi wa mechi 828. Kumwandika kocha wako hivyo, tena kesho mnakutana mazoezini, kunataka moyo.

Baada ya chuo alizunguka magazeti madogo na makubwa, na mwaka 1994 akafika Philadelphia Inquirer. Huko alikesha na timu ya 76ers miaka ya nyota Allen Iverson. Alisafiri na timu, alisubiri wachezaji vyumba vya kubadilishia nguo, alijua nani ana ugomvi na nani. Mwaka 2003 akapewa safu ya michezo kwa ujumla. Hesabu mwenyewe: karibu miaka 9 ya kutafuta habari ndani ya gazeti moja kabla ya kuruhusiwa kutoa maoni ya kila kitu.

Hata kwetu njia hii si ngeni. Wasomaji wa Mwanaspoti walimzoea Edo Kumwembe kwenye safu, kisha wakamsikia redioni na kumwona kwenye runinga akichambua. Jina lilijengwa kwa kalamu, sauti ikafuata.

Akapanda, akaporomoka
Mwaka 2005 ESPN ilimpa Smith kipindi chake mwenyewe, Quite Frankly. Ungedhani maisha yameshanyooka. Wapi! Januari 2007 kipindi kikafungwa. Mwaka huohuo gazeti likamwondolea safu na kumrudisha kuwa mwandishi wa kawaida. Mwaka 2009 ESPN nayo ikamwacha aende. Ndani ya miaka 2 hivi alipoteza kipindi, safu na mwajiri.

Wewe uliyepunguzwa kazi unajua asubuhi za namna hiyo, simu inavyokuwa kimya. Yeye aliendelea kufanya redio na kuandika, na mwaka 2011 ESPN ikamrudisha. Mwaka 2012 wakamkalisha First Take, ana kwa ana na Skip Bayless, naye mkongwe wa safu za magazeti aliyepitia Dallas, Chicago na San Jose. Waandishi wawili waliozoea kuandika kila mmoja peke yake, sasa meza moja. Kipindi kikawaka moto.

Siri ya vipindi hivi ni ya kibiashara. Haki za kuonyesha mechi ni ghali mno. Watu wawili, meza moja na mada ya mechi ya jana ni bei rahisi, na unaweza kuwarusha kila siku. Asubuhi mada zinachaguliwa, kila mmoja anashika upande, saa inahesabu. Ukisema "ngoja nifikirie", umekwisha. Na mkikubaliana, mtazamaji anabadilisha chaneli.

Ulimi ulipoteleza
Hapa ndipo tunapotaka usome taratibu, hasa wewe mwenye mwenza.

Februari 2014 Ray Rice, mchezaji wa timu ya Baltimore Ravens, alimpiga mchumba wake ndani ya lifti ya hoteli mjini Atlantic City. Julai ligi ikamfungia mechi 2 tu, na kelele zikaanza. Mada ikafika kwenye meza ya First Take. Smith alisema mwanamume hana haki ya kumpiga mwanamke. Angeishia hapo, hakuna ambaye angemkumbuka. Lakini aliendelea, akaongelea wanawake nao kujitahidi wasichokoze.

Michelle Beadle, mtangazaji wa ESPN hiyohiyo, hakunyamaza. Alijibu hadharani, akaeleza kwamba naye aliwahi kuishi kwenye uhusiano wa mateso, na kwamba kuwaambia watu wasichokoze ni ujumbe mbaya. Siku chache baadaye Smith aliomba radhi kwenye kipindi na kukiri kuwa hilo ndilo kosa baya kuliko yote katika kazi yake. ESPN ikamsimamisha wiki moja.

Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Sisi tunaofanya kazi ya uhariri tunalijua hili kwa vitendo. Safu ya gazeti ina mtu wa kuisoma kabla ya msomaji. Anakata sentensi, anauliza "una hakika?", anakurudishia kesho. Kwenye kipindi cha moja kwa moja mtu huyo hayupo. Kibaya zaidi, mezani pa mdahalo kila jambo lazima liwe na pande mbili, hata lile lenye upande mmoja. Aliyepigwa hana hoja ya kujibu. Kapigwa.

Na walio nyumbani je?
Bayless naye ana kisa chake. Mke wake, Ernestine Sclafani, ameeleza kuwa mwanzoni kabisa mwa uhusiano wao jamaa alimwambia bila kupepesa macho kwamba hatakuwa na nafasi ya juu kuliko kazi yake. Bibie akabaki, wakaoana, na akaandika kitabu kuhusu kuishi na mwanamume aliyezama kwenye michezo. Wapo watakaosema huo ni ukweli mtamu. Wapo watakaosema huo ni ukatili uliovaa suti. Angalau aliambiwa mapema, akachagua. Wangapi kwetu wanaligundua hilo baada ya harusi?

Tuambizane ukweli. Tatizo la ubishi barazani ni pale mtu anapoubeba mpaka nyumbani na kanuni zake zilezile: usikubali, usinyamaze, pandisha sauti, mshinde. Mke anasema, "Mume wangu, umechelewa." Jibu linakuja kama la runinga: "Na wewe juzi je?" Barazani hiyo ni pointi. Nyumbani umeshinda mechi, umempoteza mtu.

Basi beba haya:

Jua kwanza, sema baadaye. Smith alikaa miaka kwenye vyumba vya wachezaji kabla ya kulipwa kwa maoni. Kama kazini unataka sauti yako isikike kwenye vikao, ifanyie kazi.

Ukishushwa, usizime. Kati ya 2009 na 2011 angeweza kupotea. Aliendelea kufanya kile anachokijua.

Si kila jambo lina pande mbili. Mwenza wako akikwambia kitu kimemuumiza, usitafute hoja ya kujibu. Sikiliza.

Ukikosea hadharani, omba radhi hadharani. Kama ulimdhalilisha mbele ya shemeji zake, samahani ya chumbani peke yake haitoshi.

Weka muda wa kuondoka barazani, na uheshimu. Mechi ya kesho itakuja na ubishi wake, wala haina haraka. Chakula kilichofunikwa kinapoa, na aliyekifunika ana masikio yanayosikia hodi yako imechelewa kiasi gani.

Kazi kwenu!